Theluji Haitaki Nusu ya Mguu

Wenzangu mnaobaki na filimbi, koni na watoto wasiosikia,

Mmeniomba niandike machache kabla sijasahau. Nimestaafu, sijafa, na kusahau bado. Vyeo nitaviruka, maana klabu yetu ilikuwa na vyeo viwili tu, kocha na mwenye ufunguo wa stoo, na vyote viwili nilivishika mimi. Mshahara nao nitauruka, kwa sababu habari yake ni fupi kuliko sentensi hii. Nitaeleza nilivyojifunza kuteleza kwenye theluji, nilivyokuja kuifundisha kazi hiyo Durban, mji ambao barafu yake iko ndani ya friji, na jinsi kilima kimoja kilivyotaka kumnyang'anya msichana mmoja kitu alichokipenda kuliko vyote. Ni kwa ajili ya kilima hicho nimekubali kushika kalamu.

Nilizaliwa Burundi, nikakulia kambini upande wa Kigoma, na nilipoanza kuota chunusi tukapelekwa Norwe, mama, kaka yangu Désiré na mimi. Asubuhi moja mama alichungulia dirishani akasema jirani wa juu anapasua magodoro na kumwaga pamba barabarani. Tukatoka kwenda kumtazama huyo mtu asiye na adabu. Hakukuwa na mtu. Pamba ilikuwa inashuka yenyewe kutoka mbinguni. Mimi nilizoea mvua, na mvua hupiga hodi kwenye mabati kabla hujaiona. Hii ilikuja kimya, ikafunika magari, uzio na viatu tulivyoacha mlangoni, na haikumwambia mtu neno. Nilisimama mdomo wazi mpaka ulimi ukafa ganzi. Hadi leo, na magoti haya, theluji ikianza kuanguka nanyamaza kama niko kanisani.

Shuleni kila mtoto alipewa ski, yaani mbao mbili ndefu nyembamba zilizokunjwa ncha, na fimbo mbili. Mama alikuja kuniona siku ya kwanza. Akatazama, akatikisa kichwa. "Tumekimbia vita tukafika salama," alisema, "halafu wanatufunga mbao miguuni?" Mimi nilikuwa chini, mbao zimepishana, na kofia imenifunika macho.

Aliyeniinua alikuwa Ragna, mwanamke mrefu aliyetunza jengo la shule na jioni akawa kocha wa klabu ya kijiji. Hakuwahi kunisifu. Aliponipenda sana alinipa kazi ya ziada. Alinipeleka kwenye chumba chake cha nta, nyuma ya tanuri la shule, na hapo ndipo kazi yangu ilipoanza hasa, kabla sijajua kusimama. Kulikuwa na pasi kuukuu, vizibo vya kusugulia na vijiti vya nta vya kila rangi: buluu ya baridi kali, nyekundu ya siku ambazo theluji inataka kuyeyuka. Ragna alitoka nje, akachota theluji kiganjani, akaiminya, akainusa, akaitazama ilivyovunjika. Kisha akachagua kijiti kimoja, akazipaka ski zangu. Nilidhani anaringa. Nilipozivaa zile ski, zikaenda. Nilishangaa kama mtu aliyeona mlango ukifunguka bila kuguswa, na nilizoea mengi tangu hapo, lakini hilo sikulizoea.

Sasa nisikilizeni hapa, maana yote yanayofuata yanasimama juu ya jambo hili. Ski moja ina kazi mbili zinazopingana. Ukiteleza, lazima iachie theluji. Ukipanda, lazima iishike. Itafanyaje yote mawili? Imepindwa katikati kama upinde, na nta ya kushika hupakwa hapo katikati tu. Ukisimama kwa miguu yote miwili, katikati haigusi theluji, kwa hiyo unateleza. Ukiutupa mwili wako wote juu ya mguu mmoja, upinde unalala, nta inaigusa theluji, inashika, nawe unapanda. Mwili wote, nasema. Ukibakiza hata kidogo kwenye mguu mwingine, kwa woga au kwa uvivu, nta haifiki chini na mlima unakurudisha ulikotoka.

"Theluji haitaki nusu ya mguu," alisema Ragna. Alilisema mara nyingi hata mama, ambaye hakujua Kinorwe cha kuombea maji, alianza kulitumia jikoni mtu akimwoshea vyombo nusu nusu.

Jambo lingine alilonifundisha ni mahali pa kusimama. Siku ya mashindano wazazi na makocha wote hujazana kwenye mstari wa mwisho. Ragna alikwenda kusimama kwenye kilima kigumu kuliko vyote na thermosi yake ya kahawa. Nilimwuliza kwa nini hataki kutuona tukimaliza.

"Kule kuna watu wa kutosha," alisema. "Kilimani mtu yuko peke yake."

Nikashindana miaka mingi, kwanza kwa kijiji, baadaye kwa mkoa. Nilishinda kidogo, nikashindwa sana, na picha zangu zote za ushindi zina kamasi iliyoganda, kwa hiyo hazikutundikwa. Lakini kuna asubuhi moja naikumbuka kuliko medali. Tulikuwa tunapita msitu mrefu, kila tawi limevaa barafu, jua limechomoza, na nilisikia ski zangu na pumzi zangu tu. Nikajiuliza ni nani aliyenitoa kwenye hema la plastiki akanileta ndani ya kitu hiki. Nililia nikiwa nakimbia, jambo ambalo siwashauri, kwa sababu machozi huganda kwenye kope.

Magoti yalipogoma, Désiré alikuwa Durban tayari, na duka la kutengeneza simu mtaa wa Umbilo. Akaugua mgongo, akaniita nimsaidie kwa miezi michache. Miezi hiyo ndiyo inaisha sasa. Nilikuja na ski zangu za theluji kwa sababu sikuweza kuziacha, nikaziweka kwenye balkoni ya fleti yetu, na tumbili wa Umbilo wakatafuna mikanda ya fimbo. Majirani walidhani ni mbao za rafu ambazo nimeshindwa kuzifunga.

Kisha nikaagiza ski za magurudumu, zile fupi ambazo watu wa theluji hufanyia mazoezi ya kiangazi. Nazo ni mwalimu mzuri, ila hazina breki. Niligundua hilo nikishuka barabara moja ya Sydenham, mbele yangu robot, yaani taa ya barabarani, imekuwa nyekundu, na taxi tatu zimesimama zikinisubiri kama ndugu kwenye mazishi. Niliingia kwenye ua wa mtu. Mwenye ua alinipa maji, akaniuliza kama nimetumwa na kanisa. Tangu siku hiyo sheria ya kwanza ya klabu ni kwamba tunapanda Sydenham kwa miguu na kushuka kwa miguu, na mazoezi ya kasi yanafanyika ufukweni, kwenye ile njia ndefu ya zege iliyo sawa.

Hapo ndipo klabu ilipozaliwa: wageni wachache wa Ulaya waliokumbuka kwao, na vijana wetu wa makanisani waliotaka kujua mimi, mama mzima, napiga makasia gani nchi kavu. Kijana mmoja Mkongomani aliyekuwa analinda magari pale ufukweni alinipigia kelele kila asubuhi, "Maman, neige yako uliisahau wapi?" Nilimjibu kila asubuhi kwamba theluji yangu inakuja kwa ndege.

Furaha, yule msichana wa kilima, alikuja akitokea mtaa wa Cato Manor. Alizaliwa hapa hapa Durban, na mama yake, Maman Chantal, alitoka Kivu. Siku ya kwanza Furaha alianguka hata nikaacha kuhesabu, na kila akiinuka alicheka kwa sauti iliyofukuza njiwa. Siku ya pili alikuwa amefika kabla yangu. Nimefundisha watu wenye mapafu makubwa kuliko yake na miguu mirefu kuliko yake, lakini sijafundisha aliyeipenda kazi hii kwa namna ile. Aliota theluji bila kuwahi kuiona. Alikuwa akifungua friji ya duka la Désiré, anaweka kiganja kwenye barafu, ananusa, kwa sababu nilimwambia Ragna alifanya hivyo.

Misimu ilipita, na hapakuwa na mtu ufukweni wa kumfikia, wanaume wakiwemo. Ragna, mzee sasa lakini bado kocha, akanipigia simu: kijiji kinaandaa mashindano yake ya kila mwaka, mlete aliye bora. Wageni wetu wa Ulaya walisaidia tiketi, kanisa likasaidia makoti.

Mashindano yale yana njia ndefu, na karibu na mwisho kuna kilima. Juu ya kilima husimama mwamuzi mwenye kamba. Muda ukitimia anaivuta kamba kukatisha njia, na asiyefika hapo anarudishwa kwa gari. Si ukatili. Jua la huko huzama mapema, na hawataki mtu abaki msituni.

Nilisimama kilimani kama nilivyofunzwa. Furaha alifika chini akiwa na muda wa kutosha, akakanyaga, na ski ikamrudisha nyuma. Akakanyaga tena, ikamrudisha. Akapanua miguu kama bata na kupanda kwa kingo za ski, mikono ikifanya kazi yote, hatua mbili juu, moja chini. Mwamuzi akatazama saa, akanitazama, akavuta kamba. Ilipita mbele ya kifua cha Furaha, karibu kiasi cha kuigusa.

"Eish, Maman Coach," aliniambia garini. "Kilima kilinivuta. Niko nakanyaga, kiko kinanivuta."

Ragna alikuwa ameshasoma alama za ski kwenye theluji. "Magurudumu yamemdanganya," alisema. Na ni kweli. Gurudumu la ski za mazoezi lina kizuizi ndani: linakwenda mbele, nyuma halirudi. Ukikanyaga nusu, linakusamehe. Ukikanyaga robo, linakusamehe. Furaha alikuwa amesamehewa misimu yote ile bila yeye kujua, na theluji haikuwa na habari ya msamaha huo.

Tuliporudi, Maman Chantal alinipokea kwenye meza yake ya kuuzia nguo, barabara ya Umbilo. Alinipa kiti, akanipa soda, ndipo akasema. Nikiona mtu ananipa soda kwanza, najua.

"Maman Coach, mi sina ubaya na weye," alisema. "Lakini mutoto alipanda ndege, akaenda, akarudi bila kumaliza. Donc, basi alienda kuangalia tu. Nitamuacha mwaka huu moja tu. Akimaliza hiyo course ya mbao, aendelee, sitasema kitu tena. Kama hamalizi, mbao zinabaki kwako, yeye anakuja kusimama na mimi hapa. Miguu yangu inachoka, na mi niko peke yangu."

Sikumlaumu. Nilimwona akishusha mizigo ya nguo, na nilijua baba wa mtoto hayupo. Furaha alikuwa amesimama nyuma yetu akikunja nguo zilizokwisha kukunjwa.

Basi nitamfundisha vipi mtu kukanyaga theluji katika mji usio na theluji? Nilifikiri mpaka Désiré akaniambia nikafikirie nje. Nikaenda nje, bahari imekupwa, na mchanga uliobaki ulikuwa sawa, mgumu, na haujaguswa. Nikakanyaga. Nikageuka nikatazama mguu wangu, na nikakumbuka Ragna akiinama juu ya alama za ski.

Toka siku hiyo tulivua viatu. Kila maji yakipwa alfajiri, Furaha alikimbia hatua za ski kwenye mchanga, kisha tunarudi pamoja kusoma. Mguu uliokanyaga kwa mwili wote huacha alama safi, kisigino na vidole sawa, kingo hazikumeguka. Mguu uliosukuma nyuma hupasua mchanga. Alama za Furaha zilikuwa kama kuku aliyeparua jaani. Nilimweleza, akaelewa. Akarudia, kuku akaparua tena. Wiki zikapita. Kuelewa ni kazi ya kichwa, na kichwa chake kilikuwa tayari kimefika juu ya kilima. Mguu ndio ulibaki chini.

Kile kicheko cha kufukuza njiwa sikukisikia tena, na hilo liliniuma kuliko kamba.

Asubuhi moja Maman Chantal akatokea. Alikuwa anapeleka nguo kwa wachuuzi wa ufukweni, robota dogo juu ya kichwa, kandambili mkononi. Akakata moja kwa moja kwenye mchanga wetu.

"Njo hii mazoezi yenu?" alisema. "Munaamuka saa hii kuja kutembea? Kutembea alijua toka iko mutoto wa mwaka moja!"

"Maman, tafadhali," alisema Furaha kwa aibu.

"Hapana, mi niko nauliza tu. Nijue."

Nilitaka kumjibu, lakini jicho langu lilikuwa limeanguka nyuma yake. "Maman Chantal," nikasema, "simama hapo hapo."

"Nini? Nyoka?"

"Hapana. Geuka, utazame ulikotoka."

Aligeuka polepole na robota lake. Toka kwenye ngazi mpaka tuliposimama kulikuwa na mstari wa nyayo ambazo sijapata kuziona mfano, Norwe wala hapa. Kila mguu umezama wote, sawa, kisigino na vidole, hakuna chembe iliyomeguka. Hakuna mguu hata mmoja uliowekwa kwa shaka. Nilikuwa nimeteleza na mabingwa, na nilipiga magoti kwenye mchanga mbele ya nyayo za mwanamke mwenye kandambili mkononi. Sioni haya kusema nywele zilinisimama.

"Nani alikufundisha kutembea hivi?" nikamwuliza.

"Kufundisha? Balo njo inafundisha," alisema, akiligonga robota kwa kidole. "Toka kwetu, masoko iko mbali, njia iko matope. Ukikanyaga nusu, inaanguka. Ikianguka kwenye matope, nani atanunua?"

Furaha alizitazama nyayo za mama yake muda mrefu. Kisha akamwendea, akainama kidogo. "Maman, nipe."

Maman Chantal alinitazama mimi, akamtazama binti yake. Akalishusha robota, akakunja kitenge chake kuwa kata, akaiweka kwenye kichwa cha Furaha na robota juu yake. Akamsogeza kidevu juu kwa vidole viwili.

"Usitazame mguu," alimwambia. "Balo inajua. Weye peleka mwili, mguu utafuata."

Lilianguka. Lilianguka tena, na kila mara mama mtu alipiga kelele kama mchanga ni matope ya Kivu. Kisha Furaha akaenda hatua chache, akaenda nyingine, na tulipokwenda kusoma, kuku alikuwa ameondoka. Alama mbili, tatu, safi. Furaha akacheka, na njiwa wakaruka.

Kuanzia hapo tulikuwa na kocha wa pili. Maman Chantal alikuja kila alipopeleka nguo, na sheria yake ilikuwa moja: ukiangusha, unaanza upya. Kijana wa magari alisema sasa ameelewa, klabu yetu ni ya mahamali. Tuliongeza fimbo, tukaongeza mwendo, tukamaliza kwa kupanda ule mteremko wa mchanga laini chini ya ukuta, robota kichwani, maji ya bahari yakifuta ukurasa wetu nyuma kila siku na kutupa mwingine mweupe. Sikuwahi kuishukuru bahari kabla ya mwaka ule.

Tukarudi Norwe. Theluji ilikuwa inaanguka, kubwa, ya kimya, ile ile ya magodoro. Asubuhi nilichota kiganjani, nikaminya, nikanusa, nikapaka nta mwenyewe, na Ragna, aliyesimama mlangoni mwa chumba chake cha nta, akavirudisha vijiti mahali pake, yaani alikubali. Kisha tukapanda kilimani, yeye na thermosi yake, mimi na simu yangu mfukoni.

Siku ya theluji mpya njia huwa nzito, na watu walikawia. Walipita wa mbele, wakapita wa kati, wakapita wazee. Furaha hakuonekana. Mwamuzi, yule yule, akaanza kuifungua kamba yake. Akashika ncha moja mkononi. Muda ni muda.

Ndipo Furaha akatokea chini, kati ya miti. Alikuwa amechoka, hilo nililiona kwa mikono yake. Alifika kwenye mguu wa kilima. Hakutazama kamba. Hakutazama miguu. Alinyoosha shingo, akainua kidevu, mikono ikatulia, na akaja. Mguu mzima. Mguu mzima. Mguu mzima. Ski zilishika kila mara, na kati ya kushika na kushika aliteleza, kupanda huko huko, kama kilima kimelala kumpisha. Theluji ilimwangukia mabegani na haikumwagika. Nimeishi na mchezo huu maisha yangu yote, na siku hiyo nilikuwa kama mama dirishani, sijui ninachokiona kinaitwaje.

Ragna alishusha kikombe chake. "Huyu amebeba nini kichwani?" aliuliza.

"Nguo za mama yake," nilimjibu.

Alinitazama, akatazama tena, akaitikia kwa kichwa taratibu kama mtu aliyejibiwa vizuri. Furaha akapita mbele yetu, akapita mbele ya mwamuzi, na kamba ikapita nyuma yake.

Hatukushuka kwenda mwisho. Ragna aliinama kusoma alama, nami nikainama karibu naye. Zilikuwa safi mpaka juu. Tukiwa tumeinama hivyo, spika za mstari wa mwisho zikaita jina la Furaha, wakalivunja vipande kama wanavyovunja majina yetu yote, na watu wakapiga makofi. Nikavua glavu nimpigie simu mama yake; Ragna ndiye aliyenishikia.

Maman Chantal alipokea kabla haijalia vizuri. Nyuma yake nilisikia kelele za barabara ya Umbilo.

"Amemaliza?" aliuliza.

"Amemaliza, Maman."

Nilisikia taxi ikipiga honi, mtu akiuliza bei ya shati, naye hakumjibu mteja.

"Hakuangusha?"

"Hakuangusha," nikamwambia. "Hata mara moja."

Basi, wenzangu, ufunguo wa stoo uko pale pale chini ya chungu. Nyuma ya ski mtakuta robota dogo lililofungwa kwa kitenge cha kijani. Msilifungue, wala msilipunguze uzito kwa kuwahurumia watoto. Mkitaka kujua linavyobebwa, mwulizeni Furaha. Filimbi ni yake sasa. Na kama maji yamekupwa alfajiri na hamumwoni klabuni, yuko ufukweni na mama yake, wanasoma.